Kila mtu ashinde mechi zake? Falsafa tunayoilaumu haijasema hivyo

Mjadala wa michango umerudi tena hapa Dar na safari hii umekuja kwa nguvu. Ukipita mitandaoni, ukipanda daladala ya Mbagala, ukikaa kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo utausikia: vijana wanajitoa kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi, wanakataa kadi, wanawaambia mashangazi na baba wadogo kwamba mwaka huu hawamchangii mtu, na wakiulizwa kulikoni wanajibu kwa ule msemo ambao sasa mji mzima unaujua, kila mtu ashinde mechi zake. Upande wa pili kuna wazazi, mashehe, wachungaji na baadhi ya wasomi wetu ambao wameshahukumu kabisa kwamba hii ni falsafa ya ubinafsi ya Wazungu, imeingia kupitia simu, inaua undugu na inafuta dini. Na vijana wenyewe badala ya kukanusha wanafurahi, wanaona kumbe wana falsafa.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea kitu kile kile. Wote wameamini kwamba ile falsafa inayomweka mtu mmoja mmoja mbele ya kundi ndo hiyo hiyo ya kila mtu na mechi zake. Falsafa yenyewe haianzii kwenye pesa zangu na jinsi ninavyozitumia, inaanzia kwa mwenzangu. Inauliza hivi, mtu mmoja akiwa amesimama peke yake dhidi ya ukoo mzima, au dhidi ya kanisa zima, au dhidi ya serikali nzima, je kuna kitu anacho ambacho sisi wote tukiungana bado hatuna ruhusa ya kumnyang'anya? Ukiipima Dar es Salaam kwa swali hilo utakuta tuna upungufu mkubwa wa falsafa hiyo, haijatuzidi hata kidogo, na ugonjwa tunaouona kwa vijana ni ugonjwa mwingine ambao wanafalsafa wenyewe walishauonya zamani.

Twende kwenye historia kidogo maana watu wanaongea kama vile jambo hili lilitungwa na mtu mmoja siku moja. Mizizi yake mikubwa iko kwenye dini, na hili huwa halisemwi. Ulaya walichinjana miaka na miaka kwa sababu ya madhehebu, na mwaka 1689 Mwingereza John Locke akatoa barua yake kuhusu kuvumiliana katika dini, hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: mtawala anaweza kukuswaga kwa fimbo mpaka mlango wa kanisa lakini hawezi kukulazimisha uamini, kwa sababu imani inakaa ndani ambako fimbo haifiki, kwa hiyo kanisa ni chama cha watu waliojiunga kwa hiari yao. Akaja Mjerumani Immanuel Kant mwaka 1785 akasema usimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia unachokitaka, iwe binadamu huyo ni mwingine au ni wewe mwenyewe. Halafu John Stuart Mill mwaka 1859 akaweka mpaka ambao hadi leo unatumika, kwamba sababu pekee ya kumtumia mtu nguvu bila ridhaa yake ni kumzuia asiwadhuru wengine, na Mill huyu alichokiogopa zaidi ya polisi ni jamii, alisema jamii ikiamua kukubana inaingia hadi kwenye vitu vidogo vidogo vya maisha yako ambako sheria haifiki. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi mwenyekiti anasoma kwa sauti majina ya ambao hawajamalizia ahadi, anamuelewa Mill bila kufundishwa darasani.

Sasa anayetajwa sana na hawa vijana, kwenye zile klipu za kujitafuta na kutajirika, ni Ayn Rand. Huyu mama alizaliwa Urusi mwaka 1905, baba yake alikuwa na duka la dawa mjini St. Petersburg, wakaja wanamapinduzi wakalichukua kwa jina la umma, familia ikafilisika, na mwaka 1926 binti akaondoka kwenda Marekani. Ukijua hilo unaelewa hasira yake ilipotoka. Kuna familia za hapa hapa Dar zinazoweza kumuelewa vizuri tu, zile ambazo nyumba zao za kupangisha zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971. Rand akajenga mafundisho kwamba mtu anaishi kwa ajili yake mwenyewe, kwamba kuishi kwa ajili ya wengine sio wema, kwamba haki ni uhuru wa kutenda bila kuingiliwa na hakuna haki ya kudai jasho la mwenzako, na kuhusu Mungu alikataa kabisa, aliona imani isiyo na ushahidi ni kuizima akili. Ndo maana shehe akisikia falsafa hii anashtuka na simlaumu. Lakini hata Rand, ambaye ndiye mkali kuliko wote, hakusema kumsaidia mtu ni kosa, alichokataa ni msaada kugeuzwa deni ambalo mtu anazaliwa nalo. Na ukiisoma vizuri hoja yake kuna nusu ambayo klipu huwa zinairuka: wewe usiwe mtumwa wa mwenzako, na yeye asiwe mtumwa wako. Kijana anayekataa kuchangia halafu nyumbani ana dada wa kazi anayemlipa hela ya vocha na kumnyima hata siku ya kupumzika, huyo hata Rand hamtambui.

Mimi simfuati Rand, na nitasema kwa nini. Lakini kabla ya hapo kuna mtu mmoja ambaye natamani angesomwa Dar kuliko wote, Mfaransa Alexis de Tocqueville. Alizunguka Marekani mwaka 1831, na mwaka 1840 akatoa sehemu ya pili ya kazi yake kuhusu demokrasia ya kule. Humo alieleza hali ambayo aliiona ni hatari mpya, mtu anajitenga taratibu, anajifungia na familia yake na marafiki zake wachache, anajenga kajamii kake kadogo kanakomtosha, halafu ile jamii kubwa anaiacha ijiendee yenyewe. Akasema huyu mtu sio lazima awe mchoyo au mbaya, ni mtulivu kabisa, na ndo utulivu wake unaowapa watawala nafasi, kwa sababu mtawala dhalimu hahitaji wananchi wampende, anahitaji tu wasipendane wao kwa wao. Nimesoma maneno hayo nikaona nasomewa mji wangu. Geti juu, uzio wa umeme, kisima chako, sola yako, mlinzi wako, barabara ya mtaa imekatika lakini wewe una gari la juu, mwenzako kabomolewa kibanda unapita na kioo kimepandishwa, kila mtu ashinde mechi zake. Kwa hiyo msemo huu ambao watu wanaudhani ni kilele cha falsafa ya uhuru wa mtu, ni ile hali ambayo marafiki wa uhuru waliiona kama kaburi la uhuru wenyewe. Haki ya mtu mmoja hailindwi na watu waliojifungia ndani.

Turudi kwenye dini maana huko ndiko lawama nyingi zinatoka. Tunaambiwa dini inataka jamii na falsafa hii inataka mtu. Hebu tuangalie vitabu vyetu wenyewe. Qur'ani inasema hakuna kulazimishana katika dini, na inarudia mahali zaidi ya pamoja kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Nabii Ezekieli anasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe. Siku ya hukumu hakuna ukoo unaoitwa kama ukoo, hakuna kundi la WhatsApp, unaitwa wewe na daftari lako. Kule Denmark kulikuwa na mwanafalsafa Mkristo, Søren Kierkegaard, alifariki 1855, miaka yake ya mwisho aligombana waziwazi na kanisa la nchi yake kwa hoja hiyo hiyo, kwamba kuzaliwa kwenye taifa la Kikristo hakujakufanya Mkristo, lazima usimame mbele za Mungu ukiwa mmoja.

Na kwenye Uislamu kuna mgawanyo ambao mtoto yeyote wa madrasa anaujua, faradhi aini na faradhi kifaya. Swala tano ni yako, hakuna wa kukusalia. Kumuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya jamii, wakijitokeza wa kutosha wengine wamevuliwa dhambi, wasipojitokeza wote wanaibeba. Yaani dini ilishakaa chini ikapambanua mzigo wa mtu na mzigo wa watu. Sasa niambie, kadi ya dabo ya ukumbini inaingia faradhi ipi? Walima, yaani karamu ya ndoa, Mtume aliihimiza hata kwa mbuzi mmoja, na Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Mchango wa kusomewa jina hadharani una huzuni na una lazima vyote viwili. Namfahamu dada mmoja wa Tabata aliyechukua mkopo wa kausha damu ili amalizie ahadi ya sendofu ya binamu yake, kisha akauza friji kulipa riba. Hapo sijui ni dini gani iliyotetewa.

Lakini nisiwe mwongo, mgongano upo na ni wa kweli. Rand anasema mali yako ni yako yote, Qur'ani inasema ndani ya mali za waumini kuna haki maalumu ya anayeomba na ya aliyenyimwa. Haki, haijasema hisani. Maskini hana haja ya kunibembeleza, nikimnyima zaka nimemdhulumu. Hapo ndipo mimi namuacha Rand, kwa sababu hoja yake inamchukua mtu kama vile aliota ardhini akiwa tayari mtu mzima, ana akili zake na mikono yake, hadaiwi na yeyote. Hakuna Mswahili aliyekuja duniani hivyo. Umebebwa mgongoni, umenyonyeshwa, umesomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa au kwa maandazi ya mama, na kuna mjomba alikupokea Ubungo ukitoka mkoani na begi moja akakulaza sebuleni kwake hadi ukapata kazi. Ukisema hudaiwi unasema uongo.

Na wanaotetea michango wana hoja nyingine ambayo kwangu mimi ndo nzito kuliko zote, nayo ni ya hesabu tu. Watu wengi wa mji huu hawana ajira rasmi, hawana pensheni, bima ya afya kwa wote sheria yake ilipita 2023 lakini ukilazwa usiku bado watakaokimbia ni ndugu na majirani. Msiba ukitokea, turubai, viti, sufuria, usafiri wa kwenda Kilwa au Moshi, vyote vinatoka kwa watu. Kwa hiyo mama anayechanga kila mwezi mwenyewe anajua anachofanya, anaweka akiba ndani ya watu, maana siku yake ikifika benki haitakuja kumpikia ubwabwa. Kijana anayeivunja hiyo akiba bila kuwa na kitu cha kuweka mahali pake anaonekana jasiri leo akiwa na afya na mshahara. Hii hoja naiheshimu na naikubali karibu yote. Ninachokataa ni pale inapobebeshwa mambo yasiyo yake, kwamba kwa kuwa msiba unatuhitaji wote basi na kichenpati nayo, na sendofu nayo, na sare ya kitenge nayo, na anayeuliza bajeti ni adui wa familia. Akiba ya hiari ina nguvu kwa sababu aliyeweka alikubali mwenyewe, ukishaingiza aibu na vitisho umeigeuza kodi, tena kodi isiyo na risiti.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni hii kwamba haki za mtu mmoja mmoja ni mambo ya Wazungu, Mwafrika ni wa jamii, mtu ni watu, basi. Huwa najiuliza anayesema hivi ni nani ndani ya jamii hiyo, na mara nyingi ni yule anayekaa kwenye kiti. Sijawahi kuisikia hoja hii ikitoka kwa mjane anayetolewa nyumbani. Mwaka 1988 kule Kagera mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali, akamuuzia mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, akasema mila za Kihaya haziruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ingawa mwanaume angeweza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, wanasheria wanaijua kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, mama akashinda. Huyo mama hakufuata haki yake Ulaya, na aliyemnyima hakuwa mkoloni. Alikuwa ukoo wake mwenyewe, kwa jina la jamii.

Wale wanaolitaja Azimio la Arusha kama ushahidi kwamba sisi hatukuwa watu wa haki za mmoja mmoja, nawaomba walisome tena ukurasa wa kwanza. Imani ya TANU kabla haijafika kwenye njia kuu za uchumi inaanza na binadamu wote ni sawa, kila mtu anastahili heshima, kila raia ana uhuru wa kutoa mawazo yake na kuamini dini anayotaka. Kila mtu, kila raia. Ujamaa wa kwenye karatasi ulijengwa juu ya mtu. Ulipokuja kumsahau ndo tukapata Operesheni Vijiji miaka ya 70, watu wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mashamba na makaburi ya wazazi wao, na aliyekataa aliambiwa kama anavyoambiwa leo kijana anayejitoa kwenye kundi la harusi, kwamba anajipenda mwenyewe.

Ni kweli kwamba hao wanafalsafa wa Ulaya walikuwa na mikono michafu na hili lisemwe wazi. Locke aliweka hela zake kwenye kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika. Mill alifanya kazi zaidi ya miaka thelathini kwenye kampuni iliyoitawala India, na ndani ya kitabu kile kile cha uhuru akaandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu aliowaona bado hawajastaarabika, yaani sisi. Lakini fuatilia hiyo hoja inakwenda wapi. Kosa lao lilikuwa kutuondoa sisi kwenye neno kila mtu. Na dawa ya mtu aliyeondolewa kwenye hesabu ni kurudishwa kwenye hesabu, wapigania uhuru wetu ndivyo walivyofanya, hawakusema haki ni ya Wazungu waachieni wenyewe, walisema na sisi ni watu.

Basi kama nimesema kweli, kuna mambo inabidi yabadilike kwenye jinsi tunavyobishana. Kwanza tuache kumpima kijana kwa kujitoa kwenye kundi. Haki ya kujiunga bila haki ya kutojiunga ni nusu ya haki, na Katiba yetu ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote, sioni kwa nini kamati ya harusi iwe na mamlaka ambayo chama cha siasa kimenyimwa. Muache aende, mpende, na mzee mwenye busara atamuita pembeni amkumbushe mjomba wa Ubungo, maana deni la fadhila linadaiwa kwa upole na anayelilipa ni moyo. Ila kijana naye asijione amemaliza. Tumpime kwa mahali pengine. Siku ya kikao cha mirathi, wajomba na baba wadogo wameshapanga kwamba dada zake wapate vyombo na yeye apate kiwanja cha Kigamboni, atasema nini? Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 lilimuweka binti daraja la tatu kwenye urithi, na wanaonufaika na daraja hilo wengi wao ni hawa hawa wanaoimba mechi zake. Falsafa anayoitaja inamtaka asimame pale, apoteze kiwanja, na aonekane msaliti wa wanaume wa ukoo.

Tumpime pia kwenye ndoa za watoto. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya wazazi, akashinda, serikali ikakata rufaa ikitetea pamoja na mengine kwamba vifungu hivyo vilizingatia mila na dini, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Hapo ndipo ilipo kesi halisi ya mtu dhidi ya jamii, mtoto wa kike ambaye ridhaa yake ilitolewa na wengine. Sikumbuki kuona wale wa mechi zake wakijaa mitandaoni siku hizo.

Na kubwa kuliko yote kwangu ni ya Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015 na naona tumemsahau haraka mno. Mtu wa dini huyu, wala sio msomaji wa Rand, alidai kwamba Mtanzania awe na haki ya kugombea uongozi bila kupitia mlango wa chama chochote. Alifungua kesi 1993, Jaji Lugakingira akampa ushindi 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuziba huo mlango, akarudi mahakamani akashinda tena, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, pamoja na mashirika mawili ya kisheria. Serikali ikajitetea kwa umoja wa taifa na hatari ya ukabila, yaani kundi. Tarehe 14 Juni 2013 majaji wa Afrika, chini ya mkataba wa Waafrika ambao wenyewe umejaa wajibu kwa familia na jamii, wakasema uhuru wa kujumuika unakufa pale mtu anapolazimishwa kujumuika. Tangu hapo tumefanya uchaguzi mkuu wa 2015, wa 2020 na wa 2025, na kila jina lililokuwepo kwenye karatasi ya kura lilipitia kwenye chama.